Haidrenjia ya Baba

Nilipohamishiwa Isiolo kufundisha, mama yangu alikata kitawi cha haidrenjia, ule mmea wa maua makubwa ulio mlangoni kwetu Meru, akakifunga kwa gazeti lililoloweshwa maji. Baba aliipanda mwaka waliooana, na sasa baba hayupo. "Nataka kuiona ikichanua kwako," aliniambia. "Usimtupe baba yako huko kwa jua."

Nilikipanda kwenye ndoo kuukuu ya rangi, uani kwenye ploti ninayopanga mtaa wa Bulla Pesa, chini ya gunia nililolitundika kama paa. Kuna siku nilijinyima maji ya kuoga kwa ajili yake. Mwaka wa pili ikachanua, na maua yakawa ya waridi. Ya kwetu ni ya bluu.

Nikapiga picha hata hivyo, asubuhi na mapema kabla jua halijayaunguza, nikamtumia mama. Akapiga simu papo hapo.

"Hiyo si ya baba yako. Yake ilikufa, ukanunua ingine."

Nilimweleza kwamba udongo wa milimani una asidi, wa huku una magadi, ndiyo maana rangi hubadilika. Mmea ni ule ule. Mimi ni mwalimu wa sayansi, mambo ya asidi nayafundisha kila mwaka. Alinisikiliza kama mtu anayemsikiliza mwizi akijitetea. Iliniuma sana.

Basi nikaapa itarudi bluu. Nikaacha maji ya bomba, nikakinga ya mvua, nikafukia majani ya chai ndani ya ndoo ili kuongeza asidi. Msimu uliofuata maua yakatoka ya waridi zaidi kuliko mwanzo. Nusura niipige teke ile ndoo. Ndipo asubuhi moja nikamkuta jirani yangu, mama wa Kiborana anayeuza maziwa ya ngamia, ameinama na sahani ya jivu la jiko, analimwaga kwenye shina.

"Naisaidia, Mwalimu. Kwetu Korbesa jivu inafukuza mchwa. Naweka kila siku tangu ulete."

Jivu, ambalo humaliza asidi yote. Ningemgombeza, lakini mchwa walikuwa wameshatafuna mlango wa choo na mmea wangu hawakuugusa. Nikamshukuru huku nimeuma meno.

Nilirudi ndani, nikafungua kwenye simu picha niliyoipiga msimu huo, nikavuta rangi hadi maua yakawa bluu. Majani nayo yakaingia bluu kidogo, hata vidole vyangu vilivyoshika ndoo. Nikaituma hivyo hivyo, kwa hasira.

Mama alipiga akilia. "Ndiyo hiyo. Nisamehe, mwanangu, nilikuwa nimekufikiria vibaya." Akasema Jumapili atawaonyesha wenzake kanisani. Kisha akaniombea hapo hapo kwenye simu, maombi marefu, akimshukuru Mungu kwa kumpa mtoto asiyemdanganya. Nikaitikia amina.