Kiti cha Mbele cha Erasmo na Leovi

Bi Zoraida haanzi kazi kwa kutazama kiti. Anaanza kwa kutazama makalio ya mwenye gari.

"Kaa," anakwambia. "Jigeuze. Kaa tena." Halafu anapaza sauti mtaa mzima wa Pueblo Nuevo usikie: "Wewe mwenzangu unaegemea kushoto! Mkeo anajua?"

Utacheka, utanuna, lakini gari utaliacha, kwa sababu hapa Matanzas, kwetu Kuba, hakuna mwingine anayewamba viti vya magari ya kizamani vikakaa kama siku vilipotoka kiwandani. Kazi hiyo aliianzia kwenye magodoro, akiwa binti, pamoja na mjomba wake. Walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, wanachana godoro uani, wanachambua pamba na kukaza springi. Mjomba alipokufa, akahamia kwenye magari. Anafanyia kazi mlangoni pake, sindano iliyopinda kaiuma menoni, na usumba umemjaa kwenye nywele. Hana mtoto. Ukimwuliza kwa nini hakuzaa, naye atakuuliza wewe ulizaa ya nini, kama ndio hao.

Ukuta wa uani kwake unamfika mtu kifuani tu, na ng'ambo ya ukuta huo anaishi Bi Eneida, mama wa Erasmo na Leovi. Kila asubuhi kikombe cha kahawa hupita juu ya ukuta, leo kutoka huku, kesho kutoka kule. Siku ya Mama, watu wanapopita barabarani wamebeba keki mikononi kama wamebeba watoto wachanga, Bi Zoraida hula kwa Bi Eneida. Miaka yote hiyo sijawahi kuona akila kwingine siku hiyo.

Sasa hao wana wa Eneida. Marehemu baba yao aliwaachia Shevroleti ya mwaka hamsini na tatu, rangi ya kijani, nao wanabebea abiria. Erasmo anaendesha. Leovi ni fundi, na lazima awemo garini, maana injini ile huzimika inapojisikia na humsikiliza yeye tu. Kwa hiyo hawawezi kuachana. Na walikuwa hawasemezani, mwaka wa pili huo.

Kisa? Dhumna. Walicheza pamoja, upande mmoja, dhidi ya watu wa mtaa wa Versalles. Leovi akaishikilia kete ya tisa-tisa, ile nzito kuliko zote, mpaka ikamfia mkononi, wakafungwa mbele ya umati. Erasmo akamwuliza kwa sauti, "Ulikuwa unaiatamia? Ulitaka itotoe?" Hapa kwetu ukimwita mtu mwizi, atakasirika wiki moja yaishe. Mwambie hajui dhumna, umemchimbia kaburi.

Basi kiti cha mbele cha gari lile ni kimoja, kirefu, mlango hadi mlango, na abiria anayekaa katikati akawa ndiye mkalimani. Nilikaa pale mara nyingi, kwa bahati yangu mbaya.

"Mwambie huyo bwana breki zinalia," Leovi ananiambia.

"Mwambie huyo bwana nina masikio," anajibu Erasmo.

"Mwambie masikio anayo. Akili ndiyo hana."

Na mimi bega langu moja liko kwa huyu, jingine kwa yule! Nilikuwa nikishuka nimechoka kama niliyekuwa nalima.

Halafu kiti chenyewe kikachoka. Kitambaa kikapasuka, usumba ukamwagika, springi ikatokeza katikati na kumchoma bibi mmoja mahali asipoweza kumwonyesha daktari. Ikawa hakuna abiria anayekubali kukaa hapo. Ndugu wakabaki bila mkalimani. Wakaenda kwa Bi Zoraida, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wawili wakamwagiza jambo lilelile: kikate kiti, kiwe viwili, pawe na nafasi katikati.

"Nikikate?" alifoka. "Kiti cha marehemu? Nitaanza kukata masikio yenu!"

Asubuhi iliyofuata Bi Eneida hakuleta kahawa. Alileta machozi.

"Siku ya Mama inakuja, Zoraida. Mwaka jana mmoja kaja saa sita na keki yake, mwingine saa nane na yake. Nimekula chakula cha mchana mara mbili, tumbo likaniuma, na roho ikaniuma zaidi. Nikifa leo, wale watabeba jeneza langu mmoja mbele, mmoja nyuma, na katikati watakodi mkalimani."

"Usife kwanza," Bi Zoraida akamwambia. "Niachie mimi."

Wahenga walisema, ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Bi Zoraida jembe hana. Alishika sindano.

Alikivua kiti kikabaki chuma kitupu. Akanyoosha fremu, akaipiga msasa, akaondoa springi zilizokufa na kutia nzima. Kisha akaanza kuzifunga kwa kamba, moja hadi nyingine, na hapo ndipo shetani wake alipoamka. Zile za pembeni alizifunga juu. Za katikati akazivuta chini, vidole vitatu hivi, kidogo kidogo, mteremko usioonekana kwa macho. Juu akatandaza gunia, usumba mpya, pamba, halafu akawamba reksini, ile ngozi bandia, ya kijani na nyeupe, mshono umenyooka, mistari imelala sawasawa. Mwisho akaipaka nta na kuisugua mpaka nzi akitua anateleza. Nilimkuta akiisugua na kucheka peke yake.

"Unacheka nini, mama?"

"Funga mdomo, utaona."

Tuliona wote. Erasmo kakaa, Leovi kakaa, gari limeondoka, na kabla ya kona ya kwanza wamekutana katikati, bega kwa bega, nyonga kwa nyonga, abiria wa katikati hana tena pa kukaa. Kila mmoja anajivuta kwake, anashikilia mlango, halafu anateleza tena. Mtaa ukapiga miluzi. "Harusi lini?" wakauliza wanawake sokoni. Na wale wawili shingo zimekakamaa, kila mmoja anatazama dirisha lake.

Siku tatu wamevumilia. Ya nne, kwenye mteremko wa darajani, mto San Juan uko chini, Leovi akaporomoka mzimamzima juu ya mkono wa Erasmo. Gari likapanda kando ya barabara na kusimama mbele ya muuza mapera.

"Toka juu yangu!"

"Wewe ndiye uliyenivuta!"

"Nikuvute wewe? Ni kiti!"

"Kiti?"

Nilikuwa kiti cha nyuma. Nawaapia, walisahau kuwa hawasemezani. Leovi alikikandamiza kwa kiganja, hapa na pale. "Kaka, hebu shika hapa. Kamba za kati zimevutwa chini."

"Zimevutwa makusudi?"

"Makusudi, kaka! Yule mama fundi!"

"Yule mama!"

Walifika mlangoni kwake wakikimbia. Mmoja akianza tusi, mwingine analimalizia. Bi Zoraida alitoa sindano mdomoni, uso umejaa kicheko, tayari kuwaeleza kila kitu. Halafu akamwona Bi Eneida amesimama ng'ambo ya ukuta, mkono mdomoni, macho yamemtoka. Kicheko kikamwishia. Angetaja nani aliyelia asubuhi ile, hasira yote ingeruka ukuta na kumwangukia mama mtu, na ndugu wangerudi kununiana.

Akasema, "Nilitaka kuwacheka. Mna sura za kuchekwa, basi. Hata dhumna hamjui!"

Kawaambia hawajui, wote wawili! Nilidhani watampiga. Waliapa mbele ya mtaa kwamba mwanamke yule hatakanyaga tena nyumbani kwa mama yao, wala kiti chao hatakigusa. Na kwa kuwa fundi mwingine hawamwamini, mpaka leo wanaendesha wameegemeana, wanamsema yeye njia nzima.

Siku ya Mama ilikuja keki moja, kubwa, Erasmo kashika upande huu, Leovi upande ule. Nilialikwa. Nguruwe alikuwa laini na maharage meusi yameiva vizuri, lakini kiti cha Bi Zoraida kilikuwa kitupu. Wale wawili walikuwa wakishindana nani atamtukana vizuri zaidi. Bi Eneida akapakua sahani, akasema anawapelekea kuku. Kuku hana hata mmoja. Nikamfuata uani.

Bi Zoraida alikuwa amesogeza kigoda chake ukutani, mgongo ameuegemeza hapo. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu. Akaipokea sahani bila kusimama.

"Wanasemaje?"

"Wanakutukana," Bi Eneida akasema.

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Kwa pamoja."

Bi Zoraida alipangusa macho kwa ukingo wa gauni, kisha akachukua uma.

"Usifunge mlango," alisema. "Niache nisikie."