Resori za nyuma zimeua klaksoni ya mbele

Jamani, leo nimejifunza: ukiongeza resori, zile springi za kubeba mzigo, nyuma ya gari, klaksoni ya mbele inakufa.

Si minye nasema. Ni shefu wa duka walikoniuzia kamioneti mpya.

Klaksoni ilinyamaza asubuhi: nabonyeza, hata pii hakuna. Garanti bado iko, basi nikaenda kwao.

Klaksoni, shefu hakuigusa hata. Akainama, akachungulia chini ya gari, kule nyuma.

"Mama, weye uliongeza resori. Garanti imekwisha."

Niliongeza, ndiyo! Nabebaga mupunga wa Sange. Huku kwetu Mulongwe gari mpya inapita kwa fundi wa resori kabla ya kupelekwa kwa padri kubarikiwa. Nani hajui?

Kutoka nje, naona kamioneti ya duka lao, ile inayoleta vipuri.

Na minye nikainama.

Resori zimepangwa moja juu ya ingine kama chapati!

"Shefu, na hii?"

"Ah, mama! Si unajua barabara ya Sange ilivyo?"

Muniambie, yangu inapitaga wapi? Mu mawingu?

Nikapanda gari na hasira zangu zote, nikabonyeza klaksoni nimutukane nayo.

Kimya.