Vitasa vya Vichwa vya Simba

Mume wangu alichagua vitasa vya milango yetu ya nje kama mtu anayechagua suti ya harusi: akisogea nyuma, akiinamisha kichwa upande, akijiona tayari humo ndani.

Nyumba ilikuwa Milanzi, imeshaezekwa na kupigwa lipu. Milango miwili ya nje alitutengenezea fundi seremala mmoja wa Mazwi, mzee mpole, kwa mbao za mninga ambazo mtu mmoja hathubutu kuzibeba. Yalibaki makomeo, bawaba na vitasa. Nilidhani ni kazi ya nusu saa, tukaenda dukani sisi wawili na fundi.

Mume wangu, aliyekuwa wakala wa forodha kule mpakani, Kasesya, alipita moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa vitu vinavyong'aa. Akashusha kitasa chenye mkono mrefu wa rangi ya dhahabu, na juu yake kichwa cha simba aliyeachama. Simba huyo alifanana na mbwa aliyekanyagwa mkia.

"Ndivyo alivyonavyo yule tajiri wa mpakani," alisema.

"Hiyo orijino, bosi," muuzaji akadakia. Siku hiyo hata msumari angeuita orijino.

Nilikipokea. Kilikuwa chepesi kama kijiko cha chai. Nikampa fundi, naye akakigonga kwa ukucha, akachungulia ndani yake, akakirudisha mezani taratibu.

"Baba, mlango ule ni mzito, na upepo wetu unaujua," alisema. "Hiki kitachoka mapema. Chukua kile cha chuma pale chini."

"Mzee, mambo yamebadilika," mume wangu akamjibu, akicheka.

Sijui kauli tupu kuliko hiyo. Na mimi, ninayenyamazisha darasa zima kwa jicho moja, nilinyamaza. Tukarudi na simba wawili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma.

Wa nyuma hakumaliza wiki mbili. Ufunguo ulivunjikia ndani ya kitasa, mlango ukiwa umefungwa. Mume wangu alisema ataushughulikia baada ya kubariki nyumba. Alikuwa amealika watu wengi, na nia yake hasa ilikuwa waingilie mlango wa mbele.

Siku ya kubariki ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, upepo ukivuma kama una kesi na sisi. Padri alifika, wanakwaya wakafika, majirani wakajaa uani. Mama mkwe wangu, aliyetoka kijijini siku moja kabla, akaingia ndani kuonja mchuzi, maana hakuniamini kwa chumvi. Upepo ukaubamiza mlango nyuma yake.

Mume wangu akasogea mbele ya wageni, akamshika simba, akakandamiza na kutikisa. Simba akabaki mkononi mwake, na mkono wake wa dhahabu, na skrubu mbili fupi kama punje za ulezi. Ndani tukasikia chuma kikidondoka sakafuni.

"Mama, fungua!" aliita.

"Nifungue kwa kitu gani?" mama mkwe akajibu. "Huku kuna tundu tu."

Madirisha yote yalikuwa na nondo. Padri alisimama na maji ya baraka, kanzu yake ikipepea, akitazama viatu vyake kwa adabu nyingi mno. Kwaya ilianza wimbo, ikaumaliza, ikaanza mwingine. Mume wangu alieleza kila aliyemsogelea kwamba kosa ni la upepo.

Fundi ndiye aliyeenda dirishani. "Shikamoo, mama. Kuna mchi humo?"

"Marahaba. Upo."

"Tafuta na kijiko kigumu. Kiweke chini ya pini ya bawaba, ugonge kwenda juu. Anza na ya chini."

Mama mkwe alianza kugonga. Kila pigo alilisindikiza na maneno ya Kifipa kuhusu mwanawe, tangu utoto wake, na waliokielewa uani, yaani karibu wote, walishindwa kujizuia. Katekista alilazimika kwenda nyuma ya choo kucheka. Pini ya tatu ilipotoka, fundi alimwambia asogee mbali, kisha wanaume wanne wakausukuma mlango taratibu hadi ukalala ukutani. Mama mkwe akatoka na mchi mkononi, akampita mwanawe bila kumtazama, akamwambia padri chakula kinapoa.

Nyumba ilibarikiwa ikiwa haina mlango. Usiku tuliusimamisha mlango mahali pake na kuuzuia kwa kabati, tukalala na baridi yote ya Ufipa.

Jumatatu nilikwenda dukani na fundi, bila bosi, aliyekuwa amerudi mpakani. Nilimwagiza muuzaji afungue vitasa mbele yangu. Nikapima kila kimoja kwa mkono, nikabonyeza ulimi wake, nikazungusha funguo zote. Nikachagua vya chuma, vyeusi, visivyo na mnyama yeyote, na skrubu ndefu kama kidole changu.

"Mama, hivyo watu hufunga maghalani," muuzaji alinidharau.

"Maghala huibiwa?" nilimuuliza. Akaanza kuvifunga kwenye karatasi.

Mume wangu alirudi kutoka mpakani Ijumaa. Alisimama barazani, akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Alikuwa akingoja niseme kitu. Niliendelea kusahihisha madaftari. Hatimaye akauliza tunakula nini.