Mwongoza Wageni na Pango Nililolisingizia

Taarifa ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Kamanga. Mtoto wa kaka wa mama mmoja mwongoza wageni niliyemfahamu kwa miaka mingi, mtu mzima sasa mwenye familia yake, aliniona akanisogelea, tukasalimiana, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba shangazi yake amefariki. Presha ilimpanda Jumapili akiwa jikoni kwake Kiseke, wakatafuta gari, na kabla gari halijafika alikuwa ameshakata roho. Nilitoka kwenye foleni. Safari niliyokuwa nayo ng'ambo niliiona haina maana tena. Wasomaji wa safu hii hamumjui kwa jina, na sitalitaja, kwa kuwa katika miaka yote niliyomfahamu hakuniruhusu kuliandika hata mara moja. Lakini kama umewahi kuja Mwanza ukiwa mgeni katika miaka hii ya karibuni, ukapelekwa kisiwani Saanane, ukapelekwa Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, au ukafikishwa Kageye, walikopita wapelelezi na wamisionari wa mwanzo, inawezekana kabisa mama mfupi mwenye raba miguuni na mwavuli mweusi ndiye aliyekutangulia njiani.

Alizaliwa upande wa Bukoba, katika nyumba ya Walutheri wakulima wa kahawa, akasomea ualimu, akafundisha historia, kisha akahamishiwa ofisi moja ya umma iliyokuwa ikishughulikia wageni hapa mjini. Lilipokuja wimbi la kupunguza wafanyakazi, ofisi ile ilifungwa na yeye akapewa barua kama wenzake. Wengi wao walifungua maduka au wakakimbilia kwenye viwanda vya minofu ya sangara. Yeye aliendelea na kazi ileile, safari hii bila ofisi. Asubuhi alisimama nje ya nyumba za wageni, akawaeleza watu kwamba mji huu si wa kulala usiku mmoja tu ukielekea Serengeti, kwamba ufuko huu una mambo yake, na kwamba yeye anayajua. Nilimfuata siku moja hadi Kageye ili niandike habari zake. Pale kwenye makaburi ya zamani, mzee mmoja wa Kizungu alimuuliza aliyelala kwenye kaburi lisilo na maandishi ni nani. Mama akajibu kwamba hajui. Mgeni akasisitiza kwamba hata kukisia kunatosha. Mama akamwambia kwa upole kwamba aliye pale chini alikuwa na jina lake, na kumpa jingine la kukisia ni kumzika mara ya pili. Waongozaji vijana aliokuwa nao walicheka pembeni. Hata mimi niliona anajiharibia biashara.

Katika siku hizo neno lililokuwa mdomoni mwa kila mtu ni mwekezaji. Mmoja wao alikuja kufungua hoteli ufukweni, akamwajiri mama huyu awatembeze wageni wake, akaniomba na mimi nimwandikie habari za vivutio vya Kanda ya Ziwa. Alilalamika kwamba Zanzibar wana mji wa kale, Bagamoyo wana magofu, Kilimanjaro kuna mlima, na sisi tuna mawe na samaki. Alitaka kitu cha kumtetemesha mgeni. Kulikuwa na kisiwa kimoja kidogo upande wa Sengerema, chenye pango kubwa juu ya kilima, na mtu mmoja aliyekuwa amelewa aliwahi kuniambia kwamba zamani wanawake tasa wa kisiwa kile walikuwa wakitupwa humo. Hakuwa mtu wa kule. Sikuuliza mtu mwingine. Niliandika katika safu hii hii, wasomaji wa zamani mtakumbuka, makala ndefu juu ya ukoo uliokuwa ukiwatoa wanawake wake kafara. Niliitaja hata njia waliyopitishwa, nikaeleza vilio vyao vilivyosikika hadi ng'ambo. Nilipongezwa sana. Mwekezaji alinunua nakala nyingi za gazeti akazisambaza hotelini.

Siku ya pili mama alikuja ofisini kwetu na gazeti mkononi. Hakukaa kwenye kiti nilichomsogezea. Aliniuliza habari ile nimeitoa wapi, nikamjibu kwamba ni mapokeo ya wenyeji. Akauliza ni mwenyeji yupi, nikasema mwandishi hataji watoa habari wake. Alinitazama kwa muda mrefu mpaka nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa tayari zimepangwa. Kisha akasema kwamba yeye hatawasomea wageni maneno yale, akaondoka. Nilijiambia kwamba anaona wivu, kwa sababu nimeandika kwa siku moja kile ambacho yeye ameshindwa kukisema kwa miaka.

Baada ya wiki chache mwekezaji aliwaalika mawakala sita wa utalii, wengine kutoka Dar es Salaam na wengine kutoka nje, ili awaonyeshe lile pango. Tulipanda boti ya injini saa nne asubuhi, mama naye akiwemo kwa kuwa bado alikuwa mwongozaji wa hoteli, ziwa limetulia, mawakala wanapiga picha. Tulipokikaribia kisiwa nikaona watu wengi ufukoni, nikadhani wamekuja kutupokea. Nahodha ndiye aliyetambua kwanza. Alipunguza mwendo akasema kwamba hapo hakuna mtoto hata mmoja, na wanawake wamesimama nyuma. Kweli, mbele walikuwa wanaume tupu, zaidi ya thelathini, wameshika makasia na miti ya kusukumia mitumbwi, na baadhi walikuwa wameshaingia majini hadi mapajani. Mwekezaji alimwamuru nahodha asogee, akisema watu wa kijijini hutulia wakipewa chochote. Nahodha akasogea. Mara mikono kama minane ikaushika ubavu wa boti, boti ikayumba, mwanamke mmoja kati ya mawakala akapiga kelele. Kijana mmoja kifua wazi alikuwa ameshika gazeti. Nililitambua kabla hajalifungua. Aliuliza kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti, nani kati yetu aliyeandika kwamba wao ni wauaji.

Mwekezaji alinigeukia kidogo, halafu akatazama pembeni. Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na injini, na nakiri leo kwamba nilichokuwa nakiwaza ni jinsi nitakavyosema mimi ni fundi wa boti. Hapo mama akavua raba zake, akaufunga mwavuli, akashuka majini na gauni lake lote. Maji yalimfika kiunoni. Wale wanaume walimpisha kwa sababu tu hawakutegemea. Alitembea mpaka nchi kavu, akaenda moja kwa moja kwa bibi mmoja mwembamba aliyekuwa amekaa juu ya jiwe kati ya wanawake, akapiga magoti kwenye mchanga uliolowa, akamsalimia kwa Kihaya. Bibi akamwitikia kwa Kizinza. Lugha hizo ni za jirani na husikilizana, ingawa sisi wengine tulibaki kusoma nyuso tu. Waliongea muda mrefu huku boti yetu imeshikwa, jua linatuchoma, na kila aliyesogeza mguu ndani ya boti alifanya kasia moja ufukoni linyanyuke.

Hatimaye alirudi hadi ukingoni mwa maji. Alisema kwa Kiswahili ili wote tusikie.

"Bibi ameniuliza kama namfahamu aliyeandika. Nimemwambia namfahamu, na yumo humo. Sikumtaja. Nimemwambia atashuka mwenyewe."

Wale wa ufukoni wakaikodolea boti macho. Nimeshapita katika hofu nyingi tangu siku ile, lakini sijapata kuona safari ndefu kama ya kutoka kwenye kile kiti hadi majini. Nilisimama. Nilishuka na viatu, nikajikwaa kwenye jiwe, na yule kijana wa gazeti ndiye aliyenishika mkono nisianguke, ingawa hakuuachia upesi. Nilipiga magoti mahali mama alipopiga, nikasema shikamoo bibi. Hakuitikia. Alitaka nisome. Nikapewa gazeti langu mwenyewe, nikasoma kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, mama akitafsiri sentensi baada ya sentensi, hakulainisha hata moja. Nilipofika kwenye vile vilio vilivyosikika ng'ambo, nilitaka kuruka mstari, yule kijana akauwekea kidole.

Kisha bibi alieleza, mama akitutafsiria. Pango lile, wakati wa vita vya zamani vya kukamata watu, ndimo walimofichwa wanawake na watoto wa kisiwa chote, na wanaume walibaki ufukoni wafe ikibidi. Bibi yake mzaa mama alizaliwa mle ndani. Ukoo wao unalitunza kwa ajili hiyo. Nami nilikuwa nimelichukua pango la uzazi nikaligeuza la mauaji. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea kabisa. Mjukuu wake wa kike alikuwa ameshachumbiwa ng'ambo, mahari imeshazungumzwa. Makala ilipofika kule, wakwe watarajiwa walituma mtu kusema hawawezi kuoa kwenye ukoo wa namna hiyo. Binti mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya bibi yake, amejifunga kanga, ananitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa ananichunguza tu, kama mtu anayetaka kujua mwenye kufanya jambo kama lile anafananaje.

Hawakutugusa. Walituruhusu tugeuze boti, mawakala hawakuliona pango, na mama aliachishwa kazi tukiwa bado majini. Mwekezaji alimwambia kwamba amemwaibisha mbele ya wageni. Mama alikamua pindo la gauni lake akamjibu kwamba wageni wameona kitu cha kweli leo, na ndicho walichokifuata. Mimi niliandika masahihisho wiki iliyofuata. Mhariri aliyapunguza na kuyaweka chini ya matangazo, lakini yalitoka. Hoteli ile imeshabadilisha wamiliki mara mbili. Kisiwani walikubali, miaka miwili baadaye, kupokea wageni kwa sharti kwamba anayeeleza awe mtu wa kwao, na mama ndiye aliyemfundisha yule kijana wa gazeti namna ya kusimama mbele ya watu.

Tangu soko lifunguliwe tumejifunza kwamba kila kitu kinaweza kuuzwa, na sina ugomvi na hilo, kwa kuwa watu lazima wale. Mgeni akija ufukoni kwetu aone mawe yetu, ngoma zetu na makaburi yetu, ni heri. Lakini mahali pa kutembelea huwa ni nyumbani kwa mtu kwanza. Sisi tunaoandika hukaa mbali, tunasifiwa mbali, na wanaoumia hatuwaoni, labda boti itupeleke kwa bahati mbaya.

Jumatano tulimzika Kiseke. Bibi wa kisiwani alivuka ziwa kuja msibani, amezeeka sana, akakaa na wanawake. Nilikwenda kumpa shikamoo na mara hii aliniitikia marahaba. Nilimuuliza habari za mjukuu, na yule kijana wa gazeti, aliyekuwa amemsindikiza, akatutafsiria. Alisema ameolewa kwingine, ana watoto, na wale wakwe wa kwanza hawakurudi. Nikasema kwamba niliandika masahihisho ya kuomba radhi, pengine hawakuyaona. Bibi alinishika kiganja, akaniambia polepole.

"Sisi tulishakusamehe, baba. Lakini karatasi yako ya kwanza wameibandika ukutani kule. Ile ya pili hawana."

Ndugu msomaji, miaka yote hii nilikuwa nimejiona nimelipa. Sasa najua kuna nyumba ng'ambo ya maji ambako uongo wangu husomwa na kila mgeni anayekaribishwa kiti. Wiki ijayo nitakwenda kuitafuta nyumba hiyo, nibishe hodi, nijitambulishe kwa jina langu kamili. Kosa lililotoka kwa jina la mtu halifutwi na gazeti. Mwenyewe lazima alifuate kwa miguu mpaka lilipofika.