Hojaji Sitini, Jibu Moja

Mwaka wa mwisho chuoni nilitakiwa kuandika tasnifu ya elimu ya uhalifu. Bila tasnifu ya maana, shahada ya daraja la heshima ningeisikia kwa wenzangu. Nikachagua wizi wa vijijini, nikapanda treni na hojaji sitini hadi stesheni ya Usinge, kisha nikatembea hadi kijiji chetu cha ujamaa. Nilivaa suruali ya bugaluu, pana miguuni, na kujiona mtaalamu.

Nilitaka kumhoji mtu mmoja mmoja. Mwenyekiti wa kijiji akagonga chuma, akaita mkutano.

“Umewahi kuibiwa?” akasoma. “Tunasemaje?”

“Hapana,” wakajibu wote, mikono juu.

Nikamweleza kwamba haya majibu ni ya siri. Akaniuliza siri ya nini, na huku ni ujamaani. Kufika adhuhuri nilikuwa na hapana sitini. Nilikasirika, sifichi. Profesa hawezi kupokea upuuzi ule, na mimi ndiye wa kufelishwa.

Nikamfuata mrina asali mmoja, jirani yetu. Huyo aliibiwa, nina hakika, maana mwizi ni mimi. Nikiwa darasa la saba niliurina mzinga wake nikauza asali stesheni. Nyuki waliponivimbisha uso nikasema ni matubwitubwi. Wote walinipa pole, nami nikajua mambo yamekwisha.

“Shikamoo, babu. Kweli hujawahi kuibiwa?”

“Marahaba. Niliibiwa mara moja, lakini mkutano ulipitisha kwamba sikuibiwa. Kamuulize katibu, daftari analo.”

Nikasema moyoni, uzee huo. Hata hivyo nikaenda. Katibu akanifunulia ukurasa wa mihtasari wa mwaka ule niliomaliza darasa la saba:

“Mzinga umeibiwa. Mwizi anafahamika, anasema ana matubwitubwi. Amechaguliwa kwenda sekondari. Akishitakiwa, nafasi itaota mbawa. Imeamuliwa: kijijini hapa hakuna aliyeibiwa. Mtoa hoja: mwenye mzinga.”

Nililia palepale mezani. Katibu akasogeza daftari lisilowe.

Nilipeleka hojaji zote kama zilivyo. Profesa akaandika pembeni kwamba kijiji kisicho na wizi hakijapata kuwapo duniani, akanipa alama za kufaulu tu. Daraja la heshima likanipita hivyo. Akaniuliza kama nina la kujitetea. Nikamwambia sina. Uamuzi wa mkutano ulikuwa haujatenguliwa.