Mshipa Uliofutwa

Pale hospitalini walimwita Fundi Picha, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuziunganisha picha za ndani ya mwili zilizopigwa na mashine, kipande kwa kipande, mpaka ziwe ini zima. Daktari bingwa akivaa ile miwani mikubwa ya kompyuta, aliliona ini hilo mbele yake, akalizunguka na kulifanyia mazoezi ya kupasua kabla hajamgusa mgonjwa. Wenzake walimsifu Fundi Picha kwa usafi. Vidoa na nyuzinyuzi ambazo mashine huziokota ovyo, yeye alizifuta zote. Mcheza kwao hutunzwa, naye alitunzwa hadi kichwa kikamvimba.

Likaja ini lenye uvimbe, la mama mmoja mshonaji nguo. Daktari alilifanyia mazoezi mara tatu, njia ikawa wazi. Siku yenyewe, kisu kilipofika mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu, damu iliruka. Mama alinusurika, lakini nusu ya uvimbe ilibaki ndani, ikabidi apasuliwe tena. Fundi Picha alikuwa mlangoni daktari alipomwambia mume wa mgonjwa, "Mkono wangu ndio uliokosea, ndugu yangu. Unisamehe."

Fundi Picha alikwenda kuzifungua picha za mwanzo. Mshipa ulikuwepo, mwembamba kama uzi. Aliufuta mwenyewe, tena huku akipiga mluzi. Uso ulimwaka kwa aibu akiwa peke yake chumbani. Kusema akaogopa, basi akaurudisha kimyakimya: funika kombe mwanaharamu apite.

Siku ya mazoezi ya upasuaji wa pili daktari alivaa miwani, akainama, akaunyoshea kidole ule mshipa.

"Huu umetoka wapi?"

"Ulikuwepo, daktari. Niliufuta mimi. Nilidhani uchafu."

Daktari hakuivua miwani. "Mumewe yuko nje. Nilimwomba msamaha usio wangu. Nenda kaombe wako."

Huko nje, mume wa mshonaji aliinuka kwenye benchi, akaushika mkono wa Fundi Picha kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye Fundi Picha? Daktari alituambia, bila picha zako mke wangu asingetoka mle akiwa hai."

Fundi Picha alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijaribu kuuvuta mkono, mwenzake akazidi kuukaza.

"Kaka," Fundi Picha alisema, "keti kwanza. Nikimaliza kusema, mkono huu utauachia mwenyewe."