Kuzidisha kwa Zero

Mwalimu wa hesabu pale shuleni Fizi hushika chaki kama mtu aliyeshika kifaranga, na sauti yake ni ya chini hata wanafunzi humsikiliza wakiinama. Somo la kinyume hulifundisha kwa mguu wake mwenyewe: soksi huvaliwa kwanza, kisha kiatu; wakati wa kuvua, kilichovaliwa mwisho ndicho hutangulia. Safari hii alipovua, “Mwalimu, vaa, tutakufa na harufu,” mwanafunzi Bertin alisema, na darasa likacheka kwa woga, maana ndiyo siku aliyorudi kazini tangu amzike binti yake, aliyesoma darasa hilohilo. Akaandika ubaoni kwamba kujumlisha hurudishwa na kutoa, na kuzidisha na kugawanya. Chérie, rafiki wa marehemu, akauliza bila kufikiri, “Na kuzidisha kwa zero, mwalimu? Tunarudisha na nini?” Akajuta papo hapo. Kidole gumba cha mwalimu kilisugua chaki mpaka ikawa unga. “Haiko kitu, mama. Zero inakula namba yote, na haikumbukake ilikula gani.” Kisha akashuka polepole hadi kwenye benchi la Chérie, akaketi pale alipokuwa akikaa binti yake. Chérie akajibana ukutani kumpisha, ingawa nafasi ilikuwa tele.